Vichwa vya Sikukuu

Kichwa cha kaka yangu nakijua kuliko anavyokijua mwenyewe. Nyuma ya sikio la kushoto ana kovu la utotoni, alilolipata alipoanguka kutoka ukutani huku akinicheka mimi niliyeogopa kupanda. Kisogoni nywele zake zinaota kwa kuzunguka, na kinyozi asiyejua hupitisha mashine kinyume, zikabaki zimesimama. Kwa hiyo aliposhuka kwenye gari mchana wa mkesha wa sikukuu, jua kali na yeye amevaa kofia ya sufu, nilijua kabla hajanisalimia kwamba kuna mkono mwingine umepita pale.

"Vua kofia," nikamwambia.

"Ngoja kwanza nikukumbatie, mdogo wangu."

"Vua."

Akaivua. Nywele za kisogoni zilikuwa zimesimama kama zimeona jambo. Shingoni palikuwa na mkato mdogo wa wembe uliokwisha kukauka. Ilikuwa kazi ya mtu aliyenyoa huku anaongea na simu.

"Tulisema tusikuchoshe," akasema kaka, akiirudisha kofia.

Tusikuchoshe. Tangu niugue, neno hilo nimelisikia kuliko "habari za asubuhi". Nyuma yake alishuka mkewe, kisha wanawe wawili, vijana wakubwa sasa, wakaniamkia: "Shikamoo, baba mdogo." Nao walikuwa wamenyolewa. Mmoja alikuwa amechorwa mstari pembeni mwa kichwa, na mstari wenyewe ulikuwa umepinda kama njia ya mlevi. Nikaitikia marahaba, nikawapisha waingize mizigo. Kama ningesema neno zaidi, ningesema baya.

Niseme kwanza kwa nini ilinichoma hivyo, msije mkadhani ni wivu wa biashara. Saluni yangu imeungana na nyumba, mlango mmoja tu unaitenga na sebule. Kila mkesha wa sikukuu, wateja nikishawamaliza, nafunga mlango wa barabarani na kufungua ule wa ndani, kisha nawanyoa wanaume wa ukoo wetu mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Hakuna aliyewahi kulipanga jambo hilo. Lilianza na baba, akiwa hai, aliyekataa kushikwa kichwa na mtu asiye wa damu yake.

Na wanaume wa kwetu, mtu akitaka neno la maana kutoka kwao, aje na koleo. Mezani ni mpira, gari na bei ya kila kitu. Lakini mtu akishakaa kwenye kile kiti, shuka shingoni, mashine inaunguruma, hawezi kugeuka. Hakuoni uso isipokuwa kwenye kioo, na kioo mnaweza kukikwepa wote wawili. Humo ndimo yalimosemwa mambo yetu yote. Baba, akiwa na povu kidevuni, aliniambia humo kwamba anaumwa na hatapona. Kaka aliniambia humo kwamba amefukuzwa kazi, mkewe akiwa hajui. Mwanawe mkubwa alilia humo kwa ajili ya msichana aliyemkimbia. Mimi siku zote nilikuwa na jibu moja tu, nalo ni "inamisha kidogo." Mtu akiinamisha, nanyoa kisogo taratibu, naye analia anavyotaka.

Mwaka huu zamu ya kusema ilikuwa yangu.

Daktari alikuwa ameniambia juma lile. Saratani yangu ni ya utumbo, na nilikuwa nimekaa nayo kiasi cha kuzoeana: dawa ya kwanza ya mshipani iliniondolea hisia kwenye ncha za vidole, ya pili ikaondoka na nywele, nami nilikuwa nimevikubali vyote kama nauli ya safari. Siku hiyo daktari akanigeuzia kioo cha kompyuta kana kwamba ningeweza kukisoma, akaonyesha kwa kalamu. Dawa haishiki tena, na ugonjwa umefika kwenye ini. "Baada ya sikukuu," akasema, "njoo na mtu wako, tukae tuzungumze." Nilikuwa peke yangu, kwa sababu mke wangu alikuwa amekwenda sokoni kutafuta vitu vya wageni.

Niliporudi nilimkuta juu ya ngazi anatundika mapazia aliyoyafua, anaimba. Alikuwa amesugua nyumba nzima, hadi nyuma ya kabati, kana kwamba ugonjwa ni mgeni anayeogopa nyumba safi. "Wamesemaje?" akauliza kutoka juu huko.

"Wamesema tuonane baada ya sikukuu."

"Afadhali," akasema, akaendelea kuimba.

Sikusema uongo. Nilisema nusu, nikaimeza nusu, na tangu siku hiyo ile nusu ilikaa kifuani hailali wala hailazi. Kumwambia ilikuwa lazima, lakini si akiwa peke yake, na si kabla sijapata mtu wa kusimama nyuma yake atakapoanguka. Mtu huyo ni kaka. Na kumwambia kaka nilijua njia moja tu, kichwa chake chini ya mkono wangu, sote tukitazama kioo.

Basi nilikitengeneza kile kiti kama kiti cha harusi. Nilipaka mashine mafuta, nikapiga shuka pasi, nikasafisha kioo. Vidole ndivyo vilivyonitia hofu. Mke wangu alikuwa amenunua maputo ya kupamba sebule. Nikaiba moja, nikalipuliza, nikalipaka povu na kulinyoa kwa wembe. Ndivyo tulivyofundishwa kazi zamani: puto likipasuka, hujafaulu. Nililinyoa lote, juu, pembeni na kisogoni, na halikupasuka. Nililifunga kwenye kona ya kioo, nikafurahi mwenyewe kama mtoto.

Ndipo kaka akaja na kofia yake ya sufu.

Kumbe hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja kwa huruma yake alipitia kwa kinyozi wa kwao, ili mgonjwa asiombwe kazi. Jioni alifika dada yangu mdogo na mizigo yake, bila mumewe. Alisema kazini kwa mumewe bomba kubwa limepasuka, amebaki kulitengeneza, atafika kesho. Mlango wa ndani wa saluni nilikuwa nimeuacha wazi tangu mchana. Waliupita wote wakielekea sebuleni, na hakuna aliyegeuza shingo.

Baada ya chai nikajaribu. "Kaka, njoo nikurekebishe hicho kisogo. Mtu atadhani umekilalia."

"Pumzika, bwana," akacheka. "Mwakani utaninyoa hata mara mbili."

"Dakika chache tu."

"Mwakani, Mungu akipenda."

Mke wa kaka akamtazama, naye akainamia kikombe chake. Nilisimama katikati ya sebule na maneno yangu mkononi, sina pa kuyaweka. Dada akaja, akanishika kiwiko, akanikalisha. Akanitafutia kigoda cha miguu, akanifunika blanketi, joto lote lile. Halafu akanipokonya kikombe ili anishikie. Walikuwa na sauti moja wanayoitumia kwangu siku hizi, nyembamba na ya juu, ile ya kumsemesha mtoto mwenye homa. Nikiingia jikoni, mazungumzo yanakufa, halafu mtu mmoja anasema, "Umependeza leo!" Mgonjwa hupumzishwa mpaka akachoka.

Sikukuu yenyewe ilipambazuka na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Zamani harufu hiyo ingeniamsha nikiimba. Sasa ilinikimbiza chooni, nikafungua bomba la maji ili mke wangu asinisikie. Mezani nilitengewa sahani ya peke yangu, chakula kidogo kilaini kwenye kona, na kila nilipoinua kijiko macho ya meza nzima yalikisindikiza hadi mdomoni. Nilisifu mapishi. Walifurahi mno nilipoyasifu, kiasi kwamba nililazimika kumeza kijiko kingine.

Kisha ikaja picha. Mimi ni mrefu kuliko wote, kwenye picha zetu nasimama nyuma tangu nikiwa kijana. Mwaka huu nilikalishwa katikati kama bibi harusi, wengine wakajipanga pembeni. Hakuna aliyesema kwa nini. Niliwatazama mmoja mmoja, nikaona kila mmoja anahisi jambo, na kila mmoja anadhani analihisi peke yake. Kaka aliweka mkono begani mwangu, akauondoa upesi kana kwamba ameungua. Pale pale nikafungua mdomo. Nilikuwa tayari kusema mbele ya wote, iwe itakavyokuwa.

"Cheka, baba mdogo!" akasema kijana aliyeshika simu.

Nikacheka. Picha ile ipo, nimecheka vizuri sana.

Sijawahi kuwa mpweke namna ile maishani mwangu, na nyumba ilikuwa imejaa hadi watu wamekaa kwenye mikono ya viti. Niliposikia wanaanza kupanga sikukuu ya mwakani ifanyikie kwa nani, nikainuka, nikasema nakwenda kunyoosha miguu, nikaingia saluni na kurudisha mlango.

Mle ndani kulikuwa na harufu ya poda na spiriti, harufu ambayo tumbo langu halijaikataa bado. Nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe. Sikikalii kamwe, kinyozi hajinyoi. Kwenye kioo alikaa mtu mwenye kichwa kitupu na masikio makubwa ambayo sikujua kwamba ninayo. Dawa ilininyoa vizuri, sikatai. Ilimshinda kwa mbali yule aliyemnyoa kaka. Pembeni ya kioo lile puto lilikuwa limeanza kunywea.

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Shemeji! Umenikalia kiti!"

Alikuwa mume wa dada yangu, tunayemwita Kipara. Viatu vimelowa, mfuko wa spana begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Jina lake linajieleza: tangu siku ya harusi yao hana hata unywele mmoja wa kusingizia. Lakini kila mkesha wa sikukuu, vijana wote wakishanyolewa, Kipara hujipenyeza, hukaa kitini na kudai haki yake. Mimi humfunga shuka, huwasha mashine na kuipitisha hewani, humpaka poda, naye hulalamika kwamba nimepunguza sana juu. Vijana hucheka hadi wakashika mbavu. Mimi nilikuwa nacheka nusu nusu. Sikuwahi kumpenda sana Kipara, niseme ukweli. Ni mtu wa mzaha hata msibani, na siri ukimwambia yeye, jirani anaisikia kabla hujafunga mdomo.

"Inuka hapo," akasema. "Mwenye kiti amefika."

"Hukuambiwa nisichoshwe?"

"Kichwa hiki kitamchosha nani?" Akaweka mfuko chini, akanisubiri hadi nikainuka, akakaa. "Nimelala chini ya sakafu ya watu usiku kucha, maji yananimwagikia usoni. Punguza pembeni. Juu uniachie kidogo, nina mke."

Hapakuwa na mtu wa kucheka. Nikamfunga shuka, nikawasha mashine. Ikaunguruma ule mngurumo wake wa siku zote, na mkono wangu wa kushoto ukakaa wenyewe juu ya kichwa chake. Kilikuwa cha joto. Sikuwa nimeshika kichwa cha mtu kwa muda mrefu.

Kipara alinitazama kwenye kioo. "Umekonda, shemeji."

Tangu jana nilikuwa nimeambiwa nimependeza, nimechangamka, rangi imenirudia. "Nimekonda," nikasema.

"Umekonda sana."

"Sana."

"Wanasemaje hospitali?"

Akafumba macho, kama wateja wafanyavyo wakiogopa nywele zisiwaingie. Nywele zenyewe zitoke wapi? Aliyafumba kwa ajili yangu, nipate kusema bila kutazamwa. Na mashine ilikuwa inaunguruma, na mlango umefungwa, na kichwa kiko chini ya mkono wangu. Hakikuwa kichwa nilichokikusudia. Nikasema.

"Dawa imekataa. Ugonjwa umefika kwenye ini. Daktari anataka niende na mtu baada ya sikukuu, atuambie kilichobaki." Nikaipitisha mashine kutoka kwenye paji hadi kisogoni, haigusi kitu. "Mke wangu hajui. Kaka hajui. Nilitaka kumwambia kaka jana, hapa, na yeye amekuja amenyoa."

Nikangoja mzaha. Nadhani niliutaka, nipate mtu wa kumkasirikia. Kipara hakufumbua macho. Kisha nikahisi kichwa kinatetemeka chini ya kiganja changu, kwa vidole hivi hivi visivyohisi kitu, nikahisi.

"Inamisha kidogo," nikamwambia.

Akainamisha. Matone yakaanguka kwenye shuka, moja, jingine. Nilimnyoa kisogo taratibu, pasipo na hata unywele, kwa uangalifu wote nilionao.

"Unaogopa?" akauliza, ameinama vile vile.

"Naogopa. Zaidi naogopa kumwambia yule mwanamke aliyefua mapazia."

"Hutamwambia peke yako."

Mlango ukafunguka. Kaka alisimama pale na kofia yake. "Nimesikia mashine," akasema. "Kipara, mbona unamchosha mgonjwa?"

Kipara hakuinua kichwa, na sauti yake niliisikia anailazimisha iwe ile ya siku zote. "Panga foleni, bwana mkubwa. Kaa pale kwenye benchi. Baada yangu ni wewe, hicho kisogo chako ni aibu ya ukoo mzima."

Nilijua kaka atacheka, atasema mwakani, ataondoka. Lakini alinitazama kwenye kioo, na safari hii mimi sikukikwepa. Akatazama shuka lenye matone. Akatazama lile puto lililonywea, lenye povu kavu pembeni, na nadhani alilielewa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akininunulia maputo nilipokuwa najifunza kazi. Aliurudisha mlango nyuma yake. Akavua kofia, akakaa kwenye benchi, akaishika kofia kwa mikono miwili katikati ya magoti.

Kipara alikuwa amekwisha. Hata angekuwa na nywele, angekuwa amekwisha. Nikazima mashine. Kaka alikuwa anasubiri. Nikanyoosha mkono nifungue fundo la shuka, ukakwama pale pale kwenye fundo, na yale maneno, niliyoyasema vizuri muda si mrefu, yakanipotea yote.

Mkono wa Kipara ukatoka chini ya shuka, ukanishika kifundo cha mkono, ukakishikilia.

"Upande huu bado, fundi," akasema.

Nikakitazama kile kichwa. Kilikuwa kinang'aa kushoto kama kinavyong'aa kulia.

"Kweli," nikasema. "Bado."

Nikaiwasha mashine tena.